Begi la Nyama Nililokushonea

Aber,

Kesho asubuhi nitakukabidhi begi ambalo silo ulilolifunga. Utakasirika, nakujua, utavimbisha ile midomo uliyorithi kwangu, lakini basi la Karamoja halingoji watu wagombane, na hapo ndipo nitakapokushinda. Ukishapata kiti, pekua mfuko wa ndani. Tangu utotoni hujawahi kupewa begi ukaacha kulipekua, kwa hiyo sina shaka karatasi hizi utakuwa umezipata kabla ya kufika Jinja.

Sasa hivi umekwenda Nakawa kuwaaga rafiki zako, mvua inapiga mabati, na cherehani yangu ndiyo kwanza imenyamaza. Sitakuandikia habari za chandarua, wala dawa ya malaria, wala wavulana. Hayo umeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Nataka kukueleza habari za begi, kwa sababu kazi unayokwenda kuifanya ni kazi ya mgongo, na habari za mgongo wako katika ukoo huu kila mtu amezisema isipokuwa mimi.

Najua kazi yenyewe, ulinieleza vizuri. Wageni wanakata kibali cha serikali, wanapiga nyati au kongoni, wanaondoka na pembe na picha. Nyama inabaki, na nyama hiyo ni haki ya vijiji vinavyopakana na pori. Lazima itolewe huko ndani kabla haijaharibika, mahali ambapo gari halipiti. Wewe na wenzako ndio gari. Ukaniuliza kama naona aibu, wewe uliyesoma diploma ya wanyamapori, kwenda kubeba minofu mgongoni. Kina mama wa kanisani wamekwisha kunihurumia vya kutosha, mmoja akaniambia ataniombea upate kazi ya ofisini yenye feni. Nilimwambia aombe mvua ipungue, wewe kazi unayo.

Wiki iliyopita baba yako mdogo Okello alikuja kutoka Namuwongo. Ulisikia maneno mawili matatu ukatoka nje, ukaenda kusimama kwenye kibaraza. Hukuyasikia yote. Mimi ndiye niliyemwita. Unajua kwao mtu akienda kuwinda, mkubwa wa upande wa baba humtemea maji kifuani, matone tu, aende salama na arudi salama. Baba yako hayupo, kwa hiyo mkubwa ni Okello. Nilikuwa nimemwekea maji kwenye kibuyu kidogo, nimekipangusa kabisa.

Alikitazama kile kibuyu, hakukigusa.

“Hapana, shemeji,” akasema. “Muwanamuke nangojea nyama kwa njia. Ikifika, nabeba kwa kichwa, napeleka nyumbani. Mugongo yake ni ya mutoto. Hii kitu mimi hapana bariki.”

“Na kama mtoto bado hajapatikana?”

“Basi mugongo nangoja.”

Akamaliza chai, akanyoosha kidole juu ya kabati, kwenye lile shanta la kijeshi la baba yako.

“Na hiyo shanta ya kaka, Sande nakuja kuchukua. Hiyo ni ya ukoo. Itakwenda kwa kijana yangu. Haiwezi kwenda porini kwa mugongo ya musichana.”

Sikumfukuza. Nilimwongeza chai, kwa sababu adabu ni yangu, hata yeye akiisahau ya kwake. Lakini tangu siku ile nimekuwa na hasira ninayoamka nayo na kulala nayo, na sitaki ukafikiri begi hili limeshonwa kwa upendo peke yake. Mishono ile ya kiunoni, iliyorudiwa mara nyingi, ni hasira tupu. Ndiyo maana haitafumuka.

Wewe nawe ulipofika ndani ukakosea upande wako. Ulilishusha shanta, ukalifuta vumbi, ukaanza kulipakia nguo zako, ukasema, “Tuone kama atakuja kulivua mgongoni mwangu.” Nilifurahi kukuona una jeuri. Lakini jeuri isiyochagua begi lake itakuvunja, mwanangu.

Nianze na lile la bluu, la mitumba, ulilolinunua Owino na kunionyesha kama mtu aliyeokota dhahabu. Lina mifuko mingi kuliko koti la mganga. Nililivaa ulipokuwa unaoga. Limeshonwa kwa ajili ya mwanamume mrefu, pengine Mzungu, ambaye mgongo wake unaanza Kampala na kuishia Entebbe. Mkanda wake wa kiunoni kwangu ulikaa mapajani, na kwako ungekaa hapo hapo, maana umerithi kiwiliwili changu kifupi. Begi halipimwi kwa urefu wa mtu. Linapimwa kutoka ule mfupa unaotokeza nyuma ya shingo hadi juu ya nyonga. Unakumbuka nilipokupima kwa futi ya kitambaa wakati unakula, nikasema ni gauni la Krismasi? Hakuna gauni.

Kosa lake la pili ni baya zaidi, na hilo nalijua kwa sababu liliwahi kunipata mimi.

Baba yako aliponipeleka kwao mara ya kwanza, nilikuwa msichana wa kambini. Nilizaliwa kwenye kambi ya jeshi, nikalelewa kwa Kiswahili cha gwaride, nyama nilikuwa naijua ikining'inia buchani. Nyasi zilikuwa zimechomwa, wanaume wakatoka na nyavu na mikuki. Siku hizo pale kijijini hakuna aliyeuliza habari za kibali, kwa hiyo usinishitaki kwa wakubwa wako. Sisi wanawake tulikaa njiani na mabeseni, tunangoja. Wakaua kongoni mbali kuliko walivyotarajia, wabebaji wakawa wachache, tukaitwa tuingie ndani. Unaona? Hata siku hizo, mzigo ukizidi, mila huingia porini kwa miguu ya wanawake. Okello alikuwepo, mdogo bado, na aliniona nikiingia. Leo amesahau.

Nikapewa paja, sehemu ya mama mkwe wangu. Nilikuwa nimevaa gauni jipya, na sikutaka lipate damu mbele ya watu wanaonitazama kwa mara ya kwanza. Kumbe nilikuwa na kaveera, ile mifuko mikubwa myeusi ya plastiki, niliyoibeba kutoka Kampala kwa ajili ya viatu vyangu. Nikalitia lile paja ndani, bado lina moto wa mnyama, nikafunga fundo la kisawasawa, nikajitwisha, tukatembea na jua. Wenzangu walikuwa wamefunika za kwao kwa majani. Niliwaonea huruma, nikajiona mjanja wa mjini.

Tulipofika nikafungua fundo mbele ya mama mkwe. Harufu iliyotoka pale, Aber, mpaka leo nikiikumbuka naziba pua. Nyama ilikuwa imegeuka rangi, ina ute. Mama mkwe aliichukua akawatupia mbwa. Mbwa walikula nyama, mimi nikala aibu. Wakanipa jina, Min Kaveera, Mama Kaveera, na kuna shangazi zako wanaoniita hivyo hadi sasa wakidhani siwasikii.

Nyama inayotoka kwa mnyama ina joto la mwili wake. Ukiifungia isipate hewa, inajipika yenyewe kwa ndani na kuoza huku ukiibeba kwa mahaba. Lile begi la bluu ni kaveera lenye mikanda. Tumbo lake halipitishi maji wala hewa, ndivyo kijana aliyekuuzia alivyojisifu. Kwa nguo zako ni zuri. Kwa nyama ni kaburi.

Kwa hiyo hili nililokushonea halina tumbo la nyama kabisa. Fremu yake ni mabomba ya alumini ya kitanda cha kukunja, vijana mafundi chuma wa Katwe walinikunjia na kuniungia mpaka ikafuata mgongo wangu. Chini ina kitako kilichotokeza, kama kirafu. Mfuko wa vitu vyako umefungwa kwa mikanda juu ya fremu, na mikanda hiyo ukiilegeza, mfuko unasogea nyuma, unapata nafasi kati yake na fremu. Hapo ndipo nyama inapokaa, juu ya kitako, karibu na mgongo, upepo unapita pande zote. Kwanza iache ipoe kivulini, kisha itie kwenye mifuko ya kitambaa cha amerikani. Nimekushonea mingi, imo chini ya sweta. Kitambaa kinazuia nzi na kinapumua. Ukimaliza, fua kwa maji baridi, damu haipendi moto.

Utaona sikuweka zipu. Zipu hula mchanga na mafuta kisha hugoma siku unayoihitaji. Nimetumia bizimu za chuma, unaweza kuzifungua hata vidole vikiwa na damu. Wala sikuweka ile mikanda ya kunatanata inayolia ukiibandua. Mimi si mwindaji, lakini nimefikiri kwamba mtu anayemnyemelea nyati hataki begi linaloongea.

Sasa nije kwenye shanta.

Najua kwa nini unalitaka. Lina harufu ya baba yako, ile ya polishi ya viatu na tumbaku. Uliponiambia ukilivaa unahisi amekushika mabega, niliingia jikoni nikajifanya nakoroga mchuzi. Mimi pia nalipenda. Kwa miaka hii yote nimelishusha pale juu ya kabati kila nilipofagia, na sijawahi kulirudisha bila kulishika kidogo.

Lakini kuna jambo la shanta hilo ambalo Okello halijui, wala ukoo wake. Nilimwahidi baba yako sitalisema. Leo nalisema, naye atanisamehe akitaka.

Likizo moja, wewe ukiwa tumboni mwangu, walikwenda kuwinda tena, wakaua kuro, dume zito. Wakataka kugawana mzigo kama kawaida, kila mtu kipande chake. Baba yako akasema hapana. Mbele ya ndugu zake akalipakia shanta lake paja zima la nyuma na shingo, akalivaa. Kaka yake mmoja akamwambia, “Sajini, punguza.” Akajibu kwamba mwanajeshi habebewi.

Shanta la jeshi halina fremu wala mkanda wa kiunoni. Uzito wote unaning'inia mabegani, kwenye mikanda miwili myembamba. Alitembea njia nzima bila kupumzika, kwa sababu angetua watu wangejua. Alipofika walimpigia vigelegele, na Okello, aliyekuwa akimfuata nyuma, akayabeba makopo yake ya maji kama anabeba bendera. Hadithi hiyo umeisikia kila msiba na kila arusi.

Hukusikia ya kesho yake. Asubuhi aliniita ndani, akaniomba nimfungie vifungo vya shati. Nilicheka, nikadhani anataka kudekezwa na mke mwenye mimba. Nikamfungia. Kisha akashika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ile mikanda ilikuwa imekandamiza kitu ndani ya bega, na mkono haukurudi sawa mpaka anafariki. Alijifunza kuuficha mfukoni. Alijifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja. Ulipozaliwa alikubeba kwa mkono wa kulia tu, watu wakasema anaringa na binti yake. Hakuwa anaringa. Aliogopa kukuangusha.

Nilimkasirikia sana. Namkasirikia hadi leo, na hayupo wa kunijibu. Angesema neno moja tu porini, kwamba ni zito, angekushika kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo wakikuambia mgongo wa mwanamke ni wa mtoto, usiwajibu kwa kubeba kuliko wanaume. Najua utataka. Ni damu yako. Utawakuta huko vijana watakaokuongezea kipande kidogo uone kama utalia, na utakuwa na hamu ya kuwaambia waongeze kingine. Usiwape burudani hiyo. Sema, “Limetosha.” Liseme kwa sauti, kama unavyoniambia mimi nikikupakulia ugali wa posho. Nyama ikibaki, rudini mara ya pili. Safari mbili zinachosha miguu, na miguu hupona kwa usiku mmoja.

Na ukilivaa, funga mkanda wa kiunoni kwanza, juu ya nyonga, ubane mpaka ugune, ndipo ukaze ya mabegani. Mabega kazi yake ni kulizuia lisidondoke, si kulibeba. Kizito kikae juu na karibu na mgongo.

Hayo sikuyasoma mahali. Juzi, wewe ukiwa kwenye kazi unayoiacha, ukimalizia siku zako, nilipakia unga wa posho na matofali kwenye hili begi, nikapanda nalo kilima chetu cha Kyebando, mimi na umri wangu huu. Nalongo wa dukani akatoka nje na ufagio mkononi.

“Banange, Mama Aber. Boda zote zimegoma?”

“Zipo.”

“Sasa wewe nabeba nini hiyo kwa mugongo?”

“Nyati,” nikamwambia.

Akawaita wanawe waje waone mama anayebeba nyati. Nikapanda nao wananifuata wanacheka. Nusu ya kilima mkanda wa kiunoni ukateleza, uzito wote ukanidondokea mabegani, na ghafla nikajua alichokijua baba yako siku ile, ile njia yote, na watu wanamwimbia. Nikasimama katikati ya barabara nikalia. Watoto wakaacha kucheka. Mmoja akakimbia kumwita mama yake. Nalongo akaja akanitua mzigo, akanipa maji.

Turubai nililokuwa nimetumia kwenye mkanda lilikuwa jepesi, lile la mabegi ya shule ninayoyashona kila Januari. Nilizunguka sokoni Nakawa nikitafuta zito, lililofumwa kwa kukaza, lisiloteleza juu ya nguo. Sikupata. Leo, ulipofunga mlango tu, nikapanda juu ya kiti nikalishusha shanta. Nikatoa nguo zako, nikazikunja upya maana ulizitia kama mtu anayekimbia polisi. Nikachukua mkasi mkubwa.

Sitakudanganya. Nilikaa nalo mapajani mpaka mvua ikaanza. Kisha nikalikata.

Turubai lake ndilo lililo kwenye mkanda wako wa kiunoni, mara mbili, na sponji katikati. Kipande kingine nimefunika kile kitako cha chini kinachobeba nyama. Lile jina lake lililoandikwa kwa wino mweusi liko upande wa ndani wa mkanda, juu ya nyonga yako ya kushoto. Mabegani sikuweka hata uzi wake mmoja. Huko halimgusi tena mtu wa nyumba hii.

Naogopa, Aber. Naogopa nyati, naogopa nyoka, naogopa siku simu yako haitapatikana. Lakini sijaogopa kiasi cha kukutaka ukae njiani na beseni. Kesho mlangoni nitakutemea maji kifuani mimi mwenyewe, kutoka kwenye kibuyu kile kile. Watasema si kazi ya mama, ni ya upande wa baba. Nitavaa shati la baba yako, lile nililomfungia vifungo, na asiyetaka kuuona upande wa baba afumbe macho.

Jumapili Okello atakuja, hakosi, na atavaa suti. Nitamkaribisha, nitampa chai na mandazi, nitamwacha atazame juu ya kabati mpaka achoke. Atauliza shanta la kaka yake liko wapi. Nitamwambia limekwenda kuwinda. Na akiuliza limekwenda na nani, nitamwambia limekwenda na mwenyewe.

Mama yako,
Min Kaveera